Uji wa Kuku wa Oldonyo Sambu

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa mashineni, mlinipa saa ya ukutani. Ahsanteni sana. Mtu hana tena pa kuwahi, ninyi mnampa saa! Nimeitundika sebuleni hapa Lemara, na kila ikifika saa moja na nusu asubuhi naitazama, naongeza sukari kwenye chai, nawahurumia. Halafu mkaniomba niandike niliyoyaona kazini. Nitaandika, ila msitafute humu nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Vyeo vilikuja vikapita, na mshahara mnaujua, ni huo huo wenu ukiwa bado mtoto. Nitawaandikia habari za ndimu, za kijiko na za uji. Hiyo ya uji mmeisikia vipande vipande, na kila mtu anaongeza chumvi yake. Leo ichukueni yote kwa mwenye kosa.

Nilifika pale kiwandani na cheti cha chuo cha mifugo na koti jeupe ambalo mama yangu alilipata mtumbani Moshi. Lilikuwa la mtu mnene, mikono yake naikunja mara mbili. Kiwanda chenyewe kilikuwa ghala la zamani la kahawa lililotiwa mashine mbili, moja ya kusaga na moja ya kuchanganyia. Miaka ya nyuma chakula cha kuku kilitoka kwa serikali. Ukipata unashukuru, ukikosa kuku wanakula ulicho nacho. Sasa soko lilikuwa limefunguliwa, na kila mwenye pikapu alikuwa mfanyabiashara. Meneja wetu, Mchaga mwenzangu wa upande wa Rombo, alikuwa na msemo mmoja tu wa asubuhi, mchana na jioni: “Soko huria halina mjomba.” Mimi nilidhani nimeenda kufundisha. Aisee.

Mkuu wa mashine ya kuchanganyia alikuwa Mzee Lomayani, Mwarusha aliyejenga Engutoto, mrefu, mkimya, shule aliishia darasa la nne na alipenda kulitaja hilo mbele ya watu wenye vyeti.

“Shikamoo mzee,” nikamwamkia.

“Marahaba. Wewe ndiye mtaalamu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Fungua mdomo.”

Nikafungua, maana mtu wa umri wa baba yako akikwambia fungua mdomo hutafuti sababu. Akanitilia unga wa dagaa kwenye ulimi. “Tafuna. Usimeze. Umesikia nini?”

“Kama mchanga, mzee.”

“Kama? Huo ni mchanga kamili. Umetoka Mwanza, umelipiwa nauli.”

Tangu siku hiyo jina langu kiwandani lilikuwa Mtaalamu, na alivyolitamka yeye halikuwa sifa. Saa nne tukaenda chai. Nikaona ndimu tatu zimepangwa dirishani, nikaikata moja nikaikamulia chai yangu. Mzee Lomayani akasimama mlangoni, akazihesabu kwa macho, akauliza kwa upole uliotisha, “Nani amekunywa kipimo changu?”

Nilikielewa kipimo alasiri hiyo hiyo. Alikuja kijana mmoja wa mjini, miwani ya jua usoni, na shehena ya unga wa mifupa. “Mifupa safi, mzee, ya machinjioni kabisa.” Mzee akachota kiganja kimoja, akakata ndimu, akakamulia. Unga ukatoa povu, ukawa unalia shh mpaka mimi niliyekuwa pembeni nikasikia.

“Mifupa haichemki hivi,” akasema. “Inayochemka hivi ni chokaa.”

“Labda ng’ombe wenyewe walikuwa wanakula chokaa, mzee.”

“Basi wapeleke wakapake ukuta.”

Ninyi mnaosoma fomula kwenye kompyuta mtacheka, lakini ile ndimu iliokoa miguu mingi. Kuku wa nyama anakua haraka kuliko akili yake. Wiki sita tu, mwili umeshakuwa wa sherehe, na mifupa lazima ikimbizane na mwili huo. Chokaa humpa kalsiamu. Fosforasi haimpi, na bila fosforasi mfupa unabaki laini kama gegedu la sikio. Kuku anakaa kitako, anakutazama, anasubiri umletee chakula alipo. Unga wa mifupa wa kweli una vyote viwili, ndiyo maana wajanja waliuchanganya, na ndiyo maana Mzee Lomayani hakuwahi kuonekana bila ndimu mfukoni.

Sasa niwaambie tabia yangu ya wakati ule. Nilikuwa mtani, na nilikuwa mtani mbaya, yule ambaye sura haicheki. Siku za kupeleka chakula kwa wateja nilipanda pikapu na koti langu, na watu waliniuliza maswali kama daktari. Mwalimu mmoja wa Sekei aliuliza kwa nini kuku wake wanapigana, nikamwambia wamekosa kwaya. Nilipopita tena nikakuta redio imening’inizwa bandani na kuku wametulia kwelikweli, mpaka leo sijui kwa nini. Mzee Lomayani, ambaye siku nyingine tulifuatana naye, aliniambia mara moja tu, “Mtaalamu, hilo koti halijui utani.” Nikacheka. Nilidhani ni wivu wa mtu asiye na koti.

Ndipo siku moja mimi na mzee tukafika kwa Mama Lazaro kule Oldonyo Sambu. Mnaijua baridi ya upande ule wa mlima: upepo mkavu, vumbi, na jua linalowaka bila kupasha moto. Mama Lazaro alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa usharika wao wa Kilutheri, na banda la kikundi lilikuwa kwake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mwiko mrefu. Akaniuliza, “Mwanangu, vifaranga wangu wanatetemeka asubuhi. Niwafanyie nini?”

Jibu sahihi nililijua: majiko ya mkaa bandani, magunia madirishani. Lakini alikuwa ndiyo kwanza anamimina uji kwenye vikombe vya wajukuu, nami nilikuwa na njaa na harufu ile ilikuwa inanitania. Nikakaza uso. “Mama, mtoto wako akitetemeka asubuhi unampa nini?”

“Uji.”

“Na hawa ni watoto wa nani?”

Akajifunika mdomo kwa kanga. Nikajua anacheka. Nikaondoka nimeridhika na nafsi yangu, na kikombe cha uji nimekunywa.

Ikapita miaka kama miwili. Siku moja akaja muuzaji kutoka Nairobi na kopo la unga wa rangi ya vumbi, kimeng’enya. Alichokisema nilikuwa nimekisoma chuoni kidogo, basi nikakishabikia kama ni changu. Fosforasi imo tele ndani ya pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, lakini imefungiwa, kuku anaila na kuitoa nyuma vilevile ilivyoingia. Ni sawa na kulala njaa jikoni kwako huku ufunguo wa kabati uko kwa jirani. Kimeng’enya ndicho huo ufunguo. Ukikitia kidogo tu, unapunguza unga wa mifupa kwa kiasi kikubwa, na wenye miwani ya jua unawaaga.

Meneja aliposikia “unapunguza,” hakuhitaji kusikia zaidi. Mzee Lomayani yeye alilitazama kopo, akaitazama mashine iliyokuwa inabeba tani nzima.

“Kijiko hiki kimoja ndicho kifanye kazi ya magunia ya mifupa?”

“Ndiyo, mzee.”

“Umekionja?”

“Hakionjwi, mzee. Ni sayansi.”

“Hata mchanga wa Mwanza ulikuwa sayansi ya mtu.”

Lakini mzee yule hakuwa mtu wa kununa na kukaa. Siku ya pili nilimkuta anasaga mkaa. Alitia kijiko cha mkaa kwenye beseni la pumba, akakoroga kwa mikono mpaka beseni lote likawa kijivu. Beseni akalimwaga kwenye gunia la pumba, akakoroga tena. Gunia ndilo likaingia mashineni. Akasimamisha mashine, akachota juu, katikati na chini, akanipangia viganja vitatu sakafuni, vyote rangi moja. “Hivi ndivyo kijiko kinavyofika kwa kila kuku,” akasema. “Ukikitupa tu mashineni, kuku mmoja atakula sayansi yote na wenzake watakula pumba.” Ile njia ya kijiko, beseni, gunia, mashine, ambayo ninyi mnadhani imetoka kwenye kitabu, ilitoka kwenye mkaa wa Mzee Lomayani.

Kwa wiki kadhaa mambo yakaenda safi. Kisha asubuhi moja Mama Lazaro akashuka getini na tenga. Hakumwamkia mtu. Akalifungua mbele ya ofisi ya meneja na kuwatoa kuku wanne, akawaweka chini kwa miguu. Wote wanne wakakaa. Akamwinua mmoja, akakaa tena.

“Banda zima wako hivi au wanaelekea huku,” akasema. “Kipaimara ni baada ya wiki tatu. Watoto wa usharika mzima wanalishwa kwa kuku hawa, na akina mama wameniamini mimi. Niambieni mmenipa nini.”

Nikambonyeza kuku mdomo, ukapinda kama mpira. Amekosa fosforasi. Meneja akatuma watu kwa wateja wengine wote. Kuku wao walikuwa wanatembea, wengine wanakimbia. Ni Oldonyo Sambu peke yake. Na kwa kuwa oda ya kikundi ilikuwa kubwa, mashine ilichanganya mkupuo wao peke yake, na aliyesimama mashineni siku hiyo ni mmoja.

“Mzee, ulitia kijiko?” meneja akauliza.

“Nilitia.”

“Una hakika?”

“Nilitia,” akasema tena.

Meneja akanivuta ofisini. “Mtaalamu, unaonaje?” Hapa vijana wangu ninaandika huku mkono unaniwia mzito. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, “Mzee hakukipenda kijiko tangu mwanzo.” Maneno hayo tu. Meneja akaitikia kwa kichwa, akasema kesho asubuhi tutakwenda wote kuona banda, na tukirudi Mzee Lomayani atakwenda nyumbani akapumzike, maana soko huria halina mjomba. Na mimi niliamini kabisa kwamba mzee ameacha kijiko makusudi. Mtu aliyenifundisha kazi nzima kwa kunitia mchanga mdomoni!

Kesho yake nilikaa mbele pamoja na meneja. Mzee alikaa nyuma, juu ya magunia, na vumbi lote lake.

Niliijua kweli kabla pikapu haijasimama. Uani kwa Mama Lazaro kulikuwa na sufuria, siyo ya nyumbani, ile kubwa ya misibani, juu ya mafiga. Alikuwa anakoroga kwa mwiko wake mrefu. Chakula chetu kilikuwa kinachemka humo, kinapasua mapovu, dagaa wananukia.

“Mama, hiki ni nini?” meneja akauliza.

“Uji wa kuku.”

“Unawapikia kuku uji?”

“Tangu mwaka juzi. Na walikuwa wanapendeza mpaka watu wanaulizia.”

Na ni kweli walipendeza. Miaka ile fosforasi ilikuwa ndani ya mifupa, na mfupa hata uuchemshe mpaka Pasaka hauharibiki. Vitamini zilizokufa sufuriani aliwafidia kwa majani mabichi na jua la asubuhi. Lakini kimeng’enya ni kama yai: ukishalichemsha usimlalishe kuku juu yake ukategemea kifaranga. Mzee Lomayani alikuwa ametia ufunguo. Mama Lazaro alikuwa anauyeyusha kila asubuhi.

“Nani alikufundisha haya?” meneja akauliza.

“Mtu wa kiwanda chenu.”

Meneja akageuka moja kwa moja kwa aliyeshuka nyuma ya gari. “Mzee Lomayani! Na hili tena?”

Mama Lazaro alifungua mdomo. Mzee akamwinulia kiganja, kidogo tu, akasema kwa Kimaasai, “Takwenya, yeyo,” kama aliyekuwa amesahau kumwamkia. “Iko,” mama akaitikia, akasubiri. Mzee akatoa ndimu mfukoni, akaikata, akaanza kuinyonya huku anautazama mlima. Siku ile ya uji alikuwepo, alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu. Sentensi moja ingemtosha. Hakuisema. Alikuwa ananipima.

Sijawahi kuona haya namna ile maishani mwangu. Nilitamani lile koti linimeze, na lilikuwa na nafasi ya kutosha.

“Ni mimi, meneja,” nikasema. “Mimi ndiye niliyemwambia awapikie uji. Nilikuwa namtania. Mzee alitia kijiko, hana kosa lolote. Na nilichokwambia jana ofisini, nilimsingizia.”

Aliyenijibu ni Mama Lazaro, polepole, na mwiko mkononi.

“Ulikuwa unanitania?”

“Ndiyo, mama. Nisamehe.”

“Miaka miwili ninaamka kabla ya jogoo kuwasha moto. Kuni zinatoka mbali. Maji yanatoka mbali zaidi. Punda wangu amezeeka kwa kubeba maji ya utani?”

Yule punda alikuwa amefungwa pale pale, ananitazama.

Meneja hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alikwenda kwenye pikapu, akamfungulia Mzee Lomayani mlango wa mbele. Kisha akanielekeza kidole. “Wewe unabaki hapa mpaka kuku wasimame.”

Nikabaki. Nililala kwa mwinjilisti, nikala kwa Mama Lazaro, ambaye alinilisha vizuri na hakunisemesha siku tatu. Kesho yake asubuhi Mzee Lomayani alirudi na unga wa mifupa, ameshaupima kwa ndimu, tukauchanganya kwa mikono kwenye chakula kikavu. Nilimwomba msamaha tukiwa tumeinamia turubai. Akasema, “Koroga mpaka pembeni, hapo umeacha.” Huo ndio msamaha nilioupata, na ulinitosha. Nikabeba majiko, nikashona magunia madirishani, nikawasogezea viwete chakula na maji mpaka midomoni. Ile sufuria nikaisugua kwa mchanga mpaka ikang’aa. Siku ya tano kuku mmoja akasimama, akayumba kama mlevi wa mbege, akapiga hatua mbili. Mama Lazaro akapiga kigelegele. Mimi nililia, siwafichi, nikasingizia moshi wa mkaa. Wachache hawakuinuka tena. Wengi waliinuka, wakanenepa, na siku ya kipaimara hakuna mtoto aliyekosa paja.

Tulialikwa wote watatu. Meneja na Mzee Lomayani wakaletewa kuku wa kukaanga, wali na soda. Mimi nikawekewa bakuli lenye kifuniko, limefunikwa tena na kitambaa kilichofumwa, heshima ambayo hata mchungaji hakuipata. Akina mama wa kwaya wakasogea. Mama Lazaro akasimama.

“Wageni wetu wamekula walichokula,” akasema. “Mtaalamu yeye amepikiwa chake.”

Nikafunua. Uji. Harufu ya dagaa ikanifikia kabla ya mvuke. Uwanja mzima ulicheka, na mchungaji aliinamisha kichwa kama anayeombea chakula, mabega yanamtikisika. Nikamtazama Mzee Lomayani aniokoe. Akatoa ndimu, akaikata, akakamulia bakulini mwangu matone mawili, akainama na kutega sikio.

“Hauchemki,” akatangaza. “Ni mifupa safi. Kunywa.”

Nikanywa wote, na haukuwa na hata punje ya sukari. Mama Lazaro alisimama juu yangu mpaka nikafikia chini ya bakuli. Halafu, kwa sura kavu isiyocheka kabisa, akaniambia niinuke nitembee mpaka getini na kurudi, aone kama miguu inashika.

Nikainuka, nikatembea.